Ukurasa wa Kumi na Nne

Katika chumba cha kufulia mashuka ya hospitali, Mama Mvuke alijulikana kwa mambo mawili: sauti kubwa na kutoamini maandishi. Kusoma alijua vizuri tu. Ila kitabu cha maelekezo alikikagua kwanza uchafu wake. Miaka kumi na tisa ya mashine kuukuu ilimfunza kwamba ukurasa msafi haumsaidii mtu; wenye alama za vidole ndio watu huukimbilia mambo yakiharibika.

Siku ilipoletwa mashine mpya, msimamizi alipitisha macho kwenye herufi nene tu, akafunga kitabu.

"Mpya kabisa, jamani, haijaguswa na mkono. Taa nyekundu ikizima, fungua mlango."

Wifi yake Mama Mvuke alitazama picha zilizobandikwa mlangoni mwa mashine. Kibarua cha hapo Mama Mvuke ndiye aliyemtafutia, akamwahidi kaka yake kwamba atamwangalia mkewe.

"Si hii hapa, wifi? Taa, mkono, mlango. Basi."

Mama Mvuke hakuridhika. Mashine ilipoanza kunguruma, aliketi juu ya furushi la mashuka, akafunua kitabu taratibu. Ukurasa wa kwanza, safi. Wa tano, safi. Wa kumi, safi vilevile.

"Unatafuta kunguni humo?" msimamizi akamtania.

Ukurasa wa kumi na nne ulikuwa mweusi pembeni. Vidole vyenye grisi vilipita hapo si mara moja, na kona ilikunjwa mpaka karatasi ikalegea. Kitabu cha mashine ambayo haijaguswa! Juu ya ukurasa paliandikwa: Kufuli ya Mlango.

Taa nyekundu ikazima. Wifi akanyoosha mkono.

"Wee! Toa mkono!"

Chumba kizima kikageuka. Wifi akarudi nyuma, machozi yanamlengalenga. "Taa si imezima, wifi? Unanifokea mbele za watu?"

Mama Mvuke alichukua ufagio, akalisukuma komeo kwa ncha ya mpini. Mlango ukafunguka bila ubishi, na ndani pipa lilikuwa bado linazunguka kwa kasi. Likaunyakua mpini, likauvunja vipande vitatu.

Wifi aliuficha mkono wake kwapani.

Mama Mvuke akamwekea msimamizi kitabu mbele ya macho, safari hii kwa sauti ndogo.

"Bosi, mwenye vidole hivi yuko wapi?"