Bango la Punda Aliyegoma

Juzi mjukuu wangu kanionyesha bango alilolitengeneza kwenye simu, la katuni anayoipenda. Sungura mwenye kofia, maandishi ya rangi ya dhahabu, kazi ya dakika chache. Nikamsifu, kisha nikamrudishia simu upesi, akaniuliza kama nimekasirika. Sikukasirika, rafiki yangu. Nilikumbuka tu bango moja lililonikata maini.

Kijiji chetu, kule upande wa Mitundu, kilikuwa bado kipya, nyumba zimepangwa mistari na udongo wa kuta haujakauka sawasawa. Kila baada ya mavuno lilikuja gari la sinema. Wakubwa walingoja filamu za kilimo cha pamoja. Sisi tulingoja katuni ya punda aliyegoma kubeba magunia, akakaa kitako katikati ya njia na kumtazama bwana wake kwa dharau. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Mwaka ule bwana sinema alimtumia mwalimu maagizo kabla ya kuja. Watoto wachore mabango ya katuni hiyo, na atakayeshinda atapanda gari hadi Singida mjini, asome shule huko na kufundishwa kuchora mabango. Niliutaka ushindi ule kufa na kupona. Mama yangu alikwenda mjini nikiwa nanyonya na hakurudi. Nililelewa na bibi, mzaa mama, na mbuzi wake. Nilijiambia nitamkuta mama huko.

Nikaokota mifuko ya saruji penye ujenzi wa zahanati, nikaipangusa, nikaigundisha pamoja kwa uji mzito wa mtama. Mistari nilichora kwa mkaa, mwili wa punda nikaupaka udongo mwekundu, majani nikayapaka maji ya mlenda. Bibi alikuwa akipepeta uwele, akiniangalia. Kisha akasema kwa sauti ya upole, "Tia chumvi kwenye huo uji, mjukuu wangu. Usipotia utaota ukungu."

Nikatia, tena kwa ukarimu. Asubuhi ya siku ya gari nikalibandika bango langu ukutani mwa ofisi ya kijiji kwa uji uleule, nikaenda kuchota maji. Niliporudi, mbuzi wa bibi walikuwa wamejipanga ukutani wakilamba. Kwato za punda wangu zilibaki, na sikio moja. Watoto walikuwa wamekaa chini kwa kicheko, na mwalimu naye alikuwa anacheka.

Jirani yetu, mama mmoja mfugaji, akanishika bega. "Nani kakufundisha kutia chumvi kwenye karatasi? Mbuzi si utakuwa umewaita mwenyewe?"

Nikamgeukia bibi. Mbuzi wale hawakuwahi kufunguliwa kabla jua halijapanda, na aliyewafungua alikuwa yeye. Hakuona haya.

"Mama yako alipanda gari kama hilohilo," akasema. "Wewe hupandi. Kafunge mbuzi."

Aliyepanda alikuwa binti wa yule jirani, na punda wake alifanana na nguruwe. Jioni ile katuni ilionyeshwa kama kawaida, watu wakacheka palepale walipocheka mwaka uliopita. Mimi nilikaa ndani na bibi. Aliniwekea ugali na mlenda, akakaa kunitazama nikila, na nilimchukia kwa kila tonge.

Gari la sinema halipo tena. Kuta zile zimelala, na pale ofisini pameota vichaka vya mihina. Bibi nilimuuguza mimi mpaka mwisho, nikamwosha, nikamlisha kwa mkono, watu wakanisifu kwa moyo mwema. Siku moja, sauti ikiwa imebaki kidogo, aliniomba nimchoree yule punda, amwone vizuri, kwa kuwa siku ile nilipochora aliniangalia mimi tu, punda hakumtazama.

Nilimwambia nimesahau kuchora. Alijua naongopa. Akageukia ukutani, nami nikaendelea kumkanda miguu.