Muvi ya bendi ya wasichana: DJ alisema mama alikufa, DVD orijino ikasema mengine

Ilikuwa Jumamosi, saa tisa na nusu alasiri, sebuleni kwetu Nangara, hapa Babati mjini.

Wakuu, za muda huu. Mnaonizidi umri, shikamooni.

Huwa nasoma tu humu, sijawahi kuandika. Mimi ni wa form three, na kwa aibu nilizonazo hata mwalimu akiita majina najibu kwa sauti ya mbu. Haya mambo huwa nayaandika kwenye diary yangu yanaishia huko. Hili nimeona nilitoe. Sijatia chumvi, na mama yangu akisoma atalithibitisha.

Nianze na muvi yenyewe.

Inahusu bendi ya wasichana wanne, wa huko kusini mwa Afrika. Wanaanza kuimba kanisani, wanapata jina, wanazunguka miji. Jina la muvi silitaji, msije mkasema natangaza biashara.

Ilifika kwanza Babati ile iliyotafsiriwa, inayowekwa kwenye flash pale mjini. Mnawajua wale maDJ wa muvi. Anaongea juu ya kila kitu. Wasichana wanaimba, yeye anaongea. Nyimbo zenyewe unazisikia kwa mbali kama redio ya jirani.

Mtaani kwetu karibu kila nyumba iliitazama, na sisi pia. Rafiki yangu Neema aliwekewa na kaka yake, wakaitazama kwao na mama yake.

Hapo ndipo tatizo lilipoanza.

Mimi, Neema na wenzetu wawili tunaimba. Neema ndiye anayeongoza, mimi niko sauti ya pili, nyuma, ndiyo sehemu yangu. Tulialikwa kwenye tamasha la vijana Mbulu, kwenda na kulala huko, likizo hii. Mama Neema alikuwa amesharuhusu.

Sasa kwenye muvi, karibu na mwisho, mama wa yule mwimbaji mkuu yuko hospitali kitandani, amefumba macho. Hapo hapo wanaonyesha binti yuko jukwaani anacheza. DJ akasema, "Mama anakata roho, binti anakata mauno."

Basi.

Mama Neema alizima TV. Yeye ni mjane, ana presha, na Neema ndiye binti yake pekee. Alimwambia, "Mbulu huendi. Nisije nikafa wewe uko huko unaruka." Neema alilia siku mbili. Bila Neema hakuna kundi, mimi siwezi kuongoza hata salamu.

Nikamsimulia kaka yangu aliyeko Arusha. Akacheka sana, akasema maDJ wanajitungia wale. Akaitafuta DVD orijino, akaituma kwa basi. Najua mtauliza nani bado ana deki mwaka huu. Sisi tunayo, na inafanya kazi ukiipiga kofi kidogo pembeni.

Mpango ulikuwa wa Neema. Jumamosi ile jumuiya ilikuwa kwetu, wakina mama wanasali kisha wanakunywa chai. Wakiwa kwenye chai tuiweke, mama yake aone mwenyewe.

Tulisahau kitu kimoja kikubwa. Orijino haina DJ.

Ikaanza, Kiingereza kitupu. Wakina mama wakatulia kama dakika tano hivi kwa adabu. Halafu Bibi Safari, ndiye mkubwa wa jumuiya yetu, akauliza, "Sasa hawa wanasemaje?"

Mama yangu akanigeukia. "Wewe si unasoma? Tuambie."

Wakuu, nilitamani kuingia chini ya kochi.

Nikaanza. "Anasema... wamechelewa mazoezi."

"Sauti," akasema Bibi Safari. "Kwani mazoezi ni siri?"

Wakacheka. Nikapandisha kidogo. Nikawa naangalia TV tu, siangalii watu, na hiyo ikanisaidia. Nyimbo zikija nanyamaza, na kwa mara ya kwanza tukazisikia. Nzuri jamani. Mama mmoja akawa anatikisa mguu, akiona anaangaliwa anaacha.

Lakini kila nilipotofautiana na DJ walinikatalia.

"Huyo ni mchumba wake," anasema mmoja.

"Hapana mama, ni mpiga ngoma tu."

"DJ alisema mchumba."

"Anamdai viatu vyake."

"Mh. DJ hakuwa na sababu ya kudanganya," akasema. "Wewe rafiki yako ndiye anataka kwenda Mbulu."

Mama Neema alikuwa kwenye kiti cha mlangoni, kikombe mkononi. Hapo akaniangalia. Nikajua na yeye ndicho anachowaza, kwamba mimi nitageuza maneno kumsaidia Neema.

Na nisiwafiche, lingewezekana kabisa. Hakuna pale ambaye angenikamata. Neema anasikia Kiingereza, na yeye asingesema.

Sasa ikaja sehemu ya simu.

Yule mwimbaji yuko hotelini na wenzake. Simu inaita. Anaitazama, anailaza kifudifudi, anaendelea kupaka rangi kucha. Kwenye ile ya DJ tuliambiwa ni meneja anasumbua, na wote tulicheka.

Siyo meneja. Ni mama yake. Mwenzake anamuuliza kwa nini hapokei, anajibu kwamba ataulizwa tu kama amekula, na amechoka kuwa mtoto wa mtu.

Neema alikuwa amekaa chini karibu na mguu wangu. Akanifinya.

Nilielewa. Niseme meneja. Wote walishaamini meneja, ilikuwa ni kuliacha tu lipite.

Nikabaki kimya, muvi inaenda. Bibi Safari akasema, "Mfasiri amelala?"

Mama Neema alikuwa ananiangalia mimi, siyo TV. Na mimi huyo mama nimekula kwake tangu darasa la kwanza.

Nikasema, "Siyo meneja. Ni mama yake alikuwa anapiga. Amekataa kupokea." Nikasema na yale mengine, la kuulizwa kama amekula, na la kuchoka kuwa mtoto wa mtu.

Neema akautoa mkono wake kwenye mguu wangu.

Mama Neema akaweka kikombe chini. "Hiyo DJ hakuisema."

"Hakuisema, mama."

Akageukia TV.

Tukaendelea mpaka hospitali. Mama wa watu kitandani, amefumba macho, binti jukwaani. Wakina mama wakaanza kusikitika kwa sauti, maana wanajua kinachokuja.

Nikasema, "Hajafa. Nesi anasema amelala. Kabla ya kulala aliomba redio iachwe wazi, ili amsikie mtoto akiimba."

Kelele. "Amekufa huyo." "Mbona DJ alimlilia kabisa?" "Tangu lini maiti ikaachiwa redio?"

Mama Neema akasema, taratibu tu, "Mwacheni. Angetaka kutudanganya angeanzia kwenye ile simu."

Wakaniacha nitafsiri.

Halafu majina ya waigizaji yakaanza kupita. Kwenye ile ya DJ hapo ndipo anasalimia wateja wake wa mikoani, anakata. Kwenye orijino, majina yakiisha kuna kipande kingine. Mama yule yule, mzima, uani kwake, amekaa kwenye ndoo aliyoigeuza. Wasichana wanne wamesimama mbele yake wanaimba. Anawasimamisha, anawaambia wa tatu anapotea kwenye sauti, warudie.

Bibi Safari akapiga makofi. "Kumbe yuko. Na mkali."

Watu wakatoka wanamsema DJ hadi getini. Mama mmoja alisema atamdai machozi yake.

Mama Neema aliaga mama yangu tu. Neema alipita mbele yangu kama upepo. Aliniambia neno moja mlangoni, "Ahsante," na mnajua ile ahsante ilivyokuwa.

Nililala vibaya lakini sikujuta. Nilichojifunza ni hiki: ukimtafsiria mtu, yeye amekupa masikio yake uyashike. Ukichagua cha kumpa, umemfanya kiziwi. Na pia nimejua kwamba sauti ninayo, ilikuwa inasubiri kazi.

Nyie mngefanyaje pale kwenye simu? Mngesema meneja? Semeni ukweli, hakuna anayewajua humu. Na kama kuna muvi uliyoishi nayo miaka ukiamini ya DJ, iweke hapa chini tucheke.

Najua wa kwanza atauliza Mbulu iliishia wapi. Ngoja nimalizie.

Jumapili asubuhi, kabla ya misa, nilienda kwao. Mama Neema alikuwa zizini anakamua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Neema yuko ndani amenuna. Anasema umemuuza."

"Nisamehe, mama."

"Nikusamehe nini? Mimi hujanikosea." Akakamua kidogo. "Kule Mbulu nikipiga simu, itapokelewa?"

"Neema atapokea."

"Neema sijamuuliza. Nakuuliza wewe."

Nikasema, "Itapokelewa, mama. Na kama hataki kupokea, nitakwambia hataki."

Akacheka mpaka ng'ombe akasogea. Akaniambia, "Basi nishikie huyu ndama nimalize, halafu kamwambie mwenzako afue nguo za safari, jua lisije likamwacha."

Nikashika kamba ya ndama mpaka ndoo ikajaa. Kisha nikaenda kugonga dirisha la Neema, nikamwita kwa sauti, majirani wote wakasikia.