Paja la Bucha na Ini la Volkmar

Giza lilikuwa limeshaingia na mume wangu hajarudi kutoka msituni. Nilikaa jikoni nikikata kabichi nyekundu ya Jumapili, ingawa ilikuwa Ijumaa tu, kwa sababu mikono yangu ikikaa bure kichwa huanza kuona mambo. Upande wa pili wa meza mama mkwe wangu, Waltraud, alikuwa akifuma soksi. Jumapili hiyo alikuwa anatimiza miaka themanini.

"Carola, hiyo kabichi inatosha kulisha jeshi," alisema.

"Itapashwa moto, Mama. Ikipashwa ndiyo inakolea."

"Basi tualike jeshi."

Alikuwa anatania, lakini naye alikuwa anasikiliza nje kama mimi. Volkmar alikuwa amemwahidi mama yake kwamba siku ya kutimiza miaka themanini atakula kulungu aliyepigwa na mwanawe mwenyewe, paja la kuoka na madonge ya viazi, mezani kwake. Tangu mwezi wa tano alikuwa akipanda dungu la mbao la kuvizia wanyama katika pori la Bwana Greiner, jioni baada ya jioni, na hakuwa amepiga hata sungura. Ijumaa hiyo ilikuwa nafasi yake ya mwisho.

Na mimi nilikuwa nimefanya kitu nyuma ya mgongo wake. Siku chache kabla nilipita kwa Bi Zitzmann wa bucha nikamwomba aniwekee paja la kulungu. Alikubali kulishikilia mpaka Ijumaa jioni, kisha atapiga simu nimpe jibu. Volkmar akileta, paja la bucha liende zake. Asipoleta, angalau meza haitakuwa tupu. Lakini nilijua akiliona litamuuma.

Ili uelewe kwa nini lingemuuma, lazima umjue Volkmar. Ni dereva wa barabara za wilaya. Majira ya baridi anaondoa theluji, majira ya joto anakata majani kandokando ya lami. Ni mtu mkubwa, mpole, mwenye maneno machache. Amezaliwa hapahapa kwetu juu milimani Thuringia, nyumba ya mwisho kabla ya msitu. Baba yake, marehemu Reinhold, alikuwa kibarua wa msitu. Enzi ya serikali ile ya zamani ya Ujerumani Mashariki, wakubwa walikuja na magari meusi kutoka Berlin kuwinda, na kazi ya Reinhold ilikuwa kupita vichakani akipiga kelele ili wanyama wakimbilie kwenye bunduki zao. Jioni kulungu walilazwa safu kwa safu juu ya matawi ya misonobari, tarumbeta zikapigwa, mienge ikawashwa, na kila aliyepiga akachomekewa kitawi cha msonobari kwenye kofia. Volkmar alikuwa mtoto, alitazama akiwa nje ya uzio. Halafu nyama ikapakiwa kwenye lori ikaondoka. Reinhold alipewa bia na ahsante. Mke wake, huyu Waltraud, alikuwa jikoni kwenye jumba lao la wageni, akiwapikia.

Watu kama wao hawakupewa bunduki. Serikali ile ilipoondoka, ruhusa ikaja lakini hela haikuja nayo. Tulikuwa na mtoto, na paa lilikuwa linavuja. Miaka ikaenda. Alipofika hamsini, siku moja akaweka kijiko chini, akasema, "Mama, nataka kujifunza kuwinda." Ananiita Mama, kama waume wengi wa huku waliozeeka na wake zao.

"Si ungenunua nyama kama watu wengine?" nikamuuliza.

"Ya kununua ninaijua," akasema, akakichukua tena kijiko.

Basi tukajifunza. Nasema tukajifunza kwa sababu mimi ndiye niliyeshika kitabu usiku nikimuuliza maswali. Kulungu ana meno mangapi? Jike huzaa mwezi gani? Doa kwenye pafu ni dalili ya nini? Mimi shule niliiacha mapema nikaenda kiwandani, lakini leo tumbo la kulungu nalijua kuliko langu. Mtihani wa kwanza alifeli kwenye shabaha. Aliporudi alikaa ndani ya gari uani mpaka nikampelekea chai dirishani. Mara ya pili akafaulu. Ndipo ikaja bunduki, darubini, koti la kijani, na kabati la chuma la kufungia bunduki, ambalo wanaume wanne walilipandisha ngazi na mmoja wao bado ananilalamikia mgongo.

Binti yetu Franziska, anayefanya kazi ya bima kule Erfurt, alikuja siku ya Pentekoste akaanza kumpigia baba yake hesabu mezani.

"Baba, subiri. Kozi, mtihani mara mbili, bunduki, kabati, darubini, nguo, bima, mafuta ya gari. Umeshafika yuro elfu saba. Bi Zitzmann anauza paja kilo yuro ishirini na mbili. Kwa hela hiyo ungekula kulungu kila Jumapili miaka minne."

"Ningemchoka."

"Na ukimpiga, nyama si itakuwa yako, angalau?"

Volkmar akakohoa. "Ya Greiner."

"Nini?"

"Pori amelikodi Greiner. Mnyama ni wake. Mimi nimekaribishwa tu."

"Sasa wewe unapata nini?"

"Pembe. Na vya ndani. Moyo, ini, figo. Hiyo ni haki ya aliyepiga, hakuna wa kumnyang'anya. Mwili nikiutaka, Greiner ananiuzia. Yuro sita kilo, na ngozi yake."

Franziska akaweka uma chini. "Kwa hiyo unalipa ili upige, na ukishapiga unalipa ili ule."

"Bei ya kirafiki," Volkmar akasema kwa upole.

Tulicheka mpaka Mama mkwe akavua miwani kufuta macho. Volkmar naye alicheka, masikio yamemwiva. Lakini Jumatatu jioni alikuwa juu ya dungu.

Na kila aliporudi, alirudi na maelezo. "Alikuwa na mtoto." "Upepo uligeuka." "Alikuwa mdogo bado, akue." Siku moja nikamuuliza, "Na wa leo?" Akavua viatu polepole, akasema, "Wa leo alikuwa mzuri mno, Mama. Nilimwangalia, nikasahau." Bwana Greiner mwenyewe, mwenye kiwanda cha mbao, alinisimamisha dukani akaniambia, "Bi Carola, mumeo amenitengenezea madungu yote, amenikatia nyasi za pori kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Mwambie basi apige hata mmoja, naona aibu."

Mimi wala sikuhitaji maelezo. Nilijua kwa mlango. Mlango wetu wa nyuma umevimba kwa mvua, na Volkmar ameahidi kuupiga randa tangu zamani. Akirudi mikono mitupu anashika kitasa na kuusukuma kwa bega, na unaguna kama ng'ombe. Akiwa amebeba kuni, mikono imejaa, anaupiga teke chini na mimi ninauvuta kwa ndani. Kutoka msituni, nilikuwa sijasikia kitu ila bega.

Sasa Ijumaa hiyo, kabla giza halijakamilika, tulisikia mlio wa bunduki. Mmoja, kutoka upande wa bonde. Sindano za Mama mkwe zikasimama.

"Mmoja," akasema.

"Hakuna wa pili?"

"Hakuna. Maana yake amepiga vizuri."

"Au ameanguka kwenye ngazi na bunduki ikalia yenyewe."

"Wewe Carola, redio ingekuajiri usome habari za ajali."

Kuna desturi ambayo kila mwindaji wa huku anaishika. Ukishapiga, hushuki hapo hapo. Unakaa juu ya dungu muda wa kuvuta sigara moja, mnyama atulie, na moyo wako pia utulie. Volkmar aliacha sigara daktari alipomwekea kibomba kwenye mshipa wa moyo, kwa hiyo yeye hula peari, polepole. Niliiweka mwenyewe kwenye mkoba wake. Basi nikahesabu peari moja. Nikahesabu ya pili. Nilipofika peari ya tano nikachukua simu nikampigia, na simu yake ikalia ukumbini, mfukoni mwa koti lake la bluu la kazini.

"Kavaa la kijani," Mama mkwe akasema.

"Naona kavaa la kijani!" Nilimpigia Bwana Greiner. Haikupokelewa. Nikafungua droo nikatoa tochi.

"Unakwenda wapi?"

"Msituni."

"Usiku, mahali ambapo mtu ana bunduki? Kaa chini. Mjane mmoja anatosha nyumba hii."

Nikakaa. Simu ikalia, nami nikajua ni hospitali, sikuwa na shaka kabisa. Ilikuwa Bi Zitzmann.

"Carola mpenzi, nafunga duka. Hoteli wanalitaka lile paja. Ni lako au si lako?"

Nikageukia ukuta, nikashusha sauti. "Nivumilie kidogo tu..."

"Mwambie ni lako," Mama mkwe akasema nyuma yangu kwa sauti kubwa. "Na mgongo pia, kama upo."

Nikamwambia Bi Zitzmann ni langu, nikakata simu, uso unaniwaka. "Umejuaje?"

"Ulisema unakwenda kununua soseji. Ukarudi bila soseji, unaimba. Wewe huwa huimbi."

"Itamuuma, Mama. Amengoja mwaka mzima."

"Hata akimpiga leo, paja lake lingeliwa vipi Jumapili? Kulungu lazima atundikwe kwenye baridi siku kadhaa, la sivyo unatafuna kiatu. Miaka ishirini nimewapika."

Nikaweka simu mezani. Swali hilo lilikuwa kitabuni, nilimuuliza mwenyewe, naye akajibu vizuri. "Volkmar si anajua hilo?"

"Anajua sana. Amesahau. Tangu mwezi wa tano anaangalia msitu, haangalii kalenda." Akaichukua tena soksi. "Na hilo paja alilitaja yeye. Mimi nilisema nataka kuonja kulungu wa mwanangu. Habari ya paja na madonge aliiongeza mwenyewe."

"Wewe ulitaka nini?"

Akavuta uzi wa soksi. "Paja nilishakula," akasema. "Mgongo pia. Pale jumbani ukikata kipande kidogo upande wa ndani, nani ataona? Wote tuliokuwa jikoni tulifanya hivyo, usimwambie Franziska. Lakini ini, Carola. Ini ni moja. Lililetwa jikoni bado lina moto, nikalikaanga kwa vitunguu na tufaha, likapelekwa kwa yule aliyepiga. Likipungua hata ncha, linaonekana. Jikoni kote kulinukia. Miaka ishirini nimenusa."

"Si tungenunua hata la—"

"Wapi? Ulishaliona kwa Zitzmann? Huyo anauza paja, anauza bega, anauza soseji. Ini haliletwi dukani. Aliyepiga halitoi."

Ilikuwa kweli. Miaka yote hiyo nimesimama mbele ya kile kioo cha bucha na sikuwahi kuliona. Nikawaza hesabu ya Franziska, elfu saba zote zile, na hapo kwa mara ya kwanza sikuiona ni ya kuchekesha sana.

Mama mkwe akainuka, akachukua vitunguu viwili kwenye kapu na kisu changu.

"Unakata vya nini? Hata hatujui kama yuko mzima."

"Mlio ulikuwa mmoja," akasema, akaanza kukata.

Lakini mimi ni mtu wa kuangalia. Niliangalia soksi aliyoiacha juu ya kiti. Alikuwa ameipita sehemu ya kisigino muda mrefu, akaendelea kufuma moja kwa moja, na sasa ilikuwa bomba refu lisilofaa mguu wa mtu yeyote. Nikamenya tufaha. Nikaweka kikaango juu ya jiko, nikatia siagi, moto mdogo. Tukasimama pale wawili, siagi ikayeyuka, ikaanza kutoa povu, nikapunguza moto tena.

Mwanga wa gari ukapita dirishani. Injini ikazima. Mlango wa gari ukafungwa, halafu wa pili, na nikasikia sauti ya Bwana Greiner ikisema kitu na kucheka. Nikasikia hatua uani, nzito, za polepole, za mtu anayeangalia asimwage kitu. Zikafika kwenye ngazi. Zikasimama.

Mimi na Mama mkwe tulikuwa tunautazama mlango. Nilikuwa nangoja bega.

Likaja teke. Chini kabisa, kwa ncha ya kiatu, kwa adabu.

"Mama," sauti ya Volkmar ikasema nje, "vuta! Sina mikono."

Sijui alikuwa anamwita nani kati yetu. Tuliukimbilia wote wawili, mimi kwenye kitasa, yeye ameshika kiuno changu na kisu cha vitunguu bado mkononi, tukavuta. Mlango ukaguna, ukakataa, ukaguna tena, kisha ukafunguka, na kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa kitawi cha msonobari kwenye kofia yake.