Aliyenishikia Dumu Juu ya Kabini

Haya niliyaona mimi mwenyewe, jua likiwa bado juu, na mama yangu mzazi ni shahidi. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize. Mimi ni mtu wa spana, na watu wa Kasongo, huku mashariki mwa Kongo, wananijua kwa ubishi wangu, si kwa kuogopa vivuli.

Nina pikapu ndogo ya zamani, ya esansi, yaani petroli. Niliinunua ikiwa imechoka, nikaitengeneza mpaka ikaweza barabara yetu ya Kabambare, ambayo hata pikipiki inaipita kwa kumwomba Mungu. Nyuma niliongeza vyuma vya springi. Bomba la kuvuta hewa nililipandisha hadi juu ya kabini, injini isije ikanywa maji mtoni. Basi siku moja pampu ya mafuta ikafa. Nikakumbuka kuna pikapu kama yangu, imelala majanini kwenye mlima mmoja njiani, tangu dereva wake alipopinduka nayo akafa. Nikaenda na spana zangu, nikaitoa pampu yake.

Hapo ndipo nilipokosea. Kwetu, gari alimofia mtu haifunguliwi hivi hivi. Unaenda kwanza kwa familia, unapiga hodi, unasema unataka kifaa gani. Wakikubali, unachukua. Mimi nilijiambia, chuma ni chuma, marehemu atakifanyia nini? Hata jina lake sikuuliza.

Miezi ikapita. Zuhura, mdogo wangu wa kike, akashikwa na uchungu kule Kabambare. Mimi na mama tukamfuata na pikapu, lakini siku ya pili mtoto alikuwa bado hajatoka, mkunga akasema lazima apasuliwe, na apelekwe Kasongo haraka. Tukamlaza nyuma kwenye godoro, mama akamshika kichwa. Nikaapa kwamba leo tutafika, hata kama nitaisukuma gari kwa mikono.

Tulikuwa tunapanda mlima ule ule, mvua imekatika punde tu, injini ikapiga chafya mara mbili, ikazima. Kabla sijafungua boneti, mtu akasema nyuma yangu:

"Pompe imekufa."

Alikuwa mwanaume wa makamo, amevaa ovaroli ya buluu. Mimi matope yalinifika magotini, ila viatu vyake vilikuwa safi na ovaroli yake kavu.

"Skuru ya chini iko imeliwa," akaendelea. "Ndiyo maana niliifungaka na waya."

Niamini. Waya ule niliukuta siku ile naifungua pampu, na sikumwambia mtu yeyote.

"Papa, iko yako?"

"Iko yangu. Na haukuuliza mutu."

Wewe ungefanya nini? Ungekimbia? Zuhura alikuwa ameacha kulia, na kule kunyamaza kwake kulinitisha kuliko yule mtu. Nikamjibu kwa woga na hasira pamoja: "Nilikosa, Papa. Kesho unifanye unachotaka. Leo huyu dada lazima afike Kasongo."

Akachungulia nyuma, akamwona Zuhura.

"Bon. Leta bido. Nitaishika huku juu, esansi itashuka yenyewe mu mupira. Weye endesha, usizime moteri mpaka hospitali. Kisha uende Nyangwe, uulize bibi ya shofa aliyekufaka mu huu mulima. Umwambie weye mwenyewe."

Sasa nilijua nazungumza na nani. Lakini ujanja ule kila dereva wa huku anaujua: pampu ikifa, dumu linakaa juu na mafuta yanashuka kwa mpira hadi kwenye injini. Nikampa dumu langu la akiba, ndiyo bido aliyotaka, pamoja na mpira. Akapanda juu ya kabini, bati likabonyea, akauteremsha mpira hadi kwenye boneti, na injini ikaitika mara ya kwanza.

Kwenye kila shimo nilisikia visigino vyake vikigonga bati. Niliogopa, sikatai, lakini mguu sikuuondoa kwenye mafuta.

Hospitalini wauguzi walimkimbiza Zuhura ndani. Mama akaniuliza, "Yule papa ameshukia wapi? Gari haikusimama hata mara moja." Juu hapakuwa na mtu. Dumu lilikuwepo, kavu kabisa, halina hata harufu, nikakumbuka kuwa asubuhi nilikuwa nimelimwaga lote kwenye tangi. Na ule mpira ulining'inia nje ya boneti, haukuunganishwa na kitu.

Zuhura alipona. Binti yake sasa anatambaa.

Wiki ile ile nilipanda pikipiki hadi Nyangwe na pampu ndani ya kitambaa. Mjane alikuwa anaanika samaki. Nikapiga magoti, nikamweleza yote, nikingoja matusi. Akauliza tu:

"Alikuwa anakohoa bado?"

"Hapana, mama. Hakukohoa."

Akalia sana, nami nikalia naye, sioni aibu kusema. Kisha akaipangusa pampu kwa kitenge chake, akanirudishia. "Sasa umeomba. Uirudishe mu gari yako."

Niliifunga bila kuitengeneza popote, na inafanya kazi hadi leo. Bati la kabini bado limebonyea pale alipokaa. Mafundi wanataka kulinyoosha, wananicheka, nimekataa. Na kila ninapoupanda mlima ule, gari huzama kidogo kama imepakia mtu, nami husalimia.

Kwa hiyo wewe mwenye pikapu, ukiona gari ya marehemu porini, tafuta kwanza mlango wa nyumba yake. Usipouona, funga spana zako, utembee kwa miguu. Mimi nilimkuta mwenye huruma. Wako humjui.