Kisiki na Kufuli la Choo

Wifi yangu tunamwita Kisiki. Jina nilimpa mimi, siku kaka yangu alipomleta nyumbani akakalia kiti changu na akakataa kuhama. Nikasema huyu ni kisiki cha mpingo, hang'oki. Alicheka mpaka machozi, tukapatana. Baadaye nikamtafutia kazi ninapofanya mimi, kwenye kiwanda cha dobi, tunakofua na kupiga pasi mashuka ya mahoteli. Kwa hiyo yaliyomkuta yana mkono wangu, na sitaki mtu anifariji.

Kazi yenyewe si lelemama. Shuka likitoka kwenye mashine limejaa maji, unagombana nalo kulivuta. Unalitupa kwenye kikapu cha magurudumu, unakisukuma mpaka kwenye pasi kubwa, na hapo unasimama, mvuke unakupiga usoni tangu saa moja asubuhi hadi saa kumi jioni. Jasho linatoka hata mahali ambapo hukujua panatoka jasho.

Choo kiko nyuma ya boila, tangi la kuchemshia maji, na kilikuwa na kufuli. Ufunguo anao msimamizi kiunoni, umefungwa kwenye kipande cha ubao kikubwa kama mwiko. Ukitaka kujisaidia unamwendea mbele ya wapakiaji wa malori, wanaume wazima wanakukodolea macho, unaomba, naye anakuuliza kwa sauti, "Tena?" Eti zamani mtu aliiba sabuni akaificha chooni. Nina miaka kumi na moja pale, na huyo mwizi sijamwona hata kivuli.

Sasa sisi wanawake wa pasi tulikuwa na dawa yetu: hatunywi maji. Nusu kikombe cha chai alfajiri, basi, kavu mpaka saa kumi. Na tulijisifu, wajinga sisi! Kisiki alipoanza kazi nilimfundisha mimi, kwa mdomo wangu huu: "Wifi, hapa ukinywa umeumbuka." Akanisikia. Katika maisha yake yote alinisikia mara moja, na ndiyo hiyo.

Akashika mimba. Msimamizi alipoona tumbo akamwambia aende akapumzike kwao, akishajifungua aje wazungumze. Mazungumzo hayo tunayajua. Mwenzetu mmoja alirudi kuzungumza akakuta mtu mwingine kwenye pasi yake.

"Nina mimba, bwana," Kisiki akamjibu. "Sina ugonjwa."

Akabaki. Wala hakubaki kijinga. Vizito aliacha, kikapu tulikisukuma wawili. Mashuka mabichi aliyatoa moja moja, si fungu zima, na akitaka kuokota kitu alikunja magoti, mgongo ameunyoosha, kama mkunga wa kliniki alivyomwonyesha. Vidonge vya damu alimeza, chakula alikula mpaka kaka yangu akalalamika sufuria hazibaki kitu. Ila jambo moja hakumwambia mkunga, kwa sababu kwetu lilishakuwa la kawaida: mchana kutwa hanywi maji.

Mimba ilipofika mwezi wa sita, siku moja saa saba mchana, akashika ukingo wa meza. "Wifi, tumbo linakaza. Linaachia, halafu linakaza tena." Nikamtazama, midomo imepauka na kupasuka. Sikumwomba mtu ruhusa, nikamshika mkono tukaenda kliniki na aproni zetu.

Mkunga ni mama mfupi mwenye sauti ya kuamrisha. Alipima mkojo wake, kidogo tu, na mweusi mweusi.

"Umekunywa nini leo?"

"Chai. Nusu kikombe."

"Tangu asubuhi?" Yule mama akafoka hadi wagonjwa wa nje wakachungulia. Mwili umekauka, akasema, na kwa kubana mkojo kutwa nzima kibofu kimepata maambukizi. Yakiachwa yapande, yanaweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Akampa dawa, akamlaza kwa ubavu, akamnywesha maji kikombe baada ya kikombe mpaka tumbo likatulia. "Maji kila saa. Ukihisi choo, nenda hapo hapo. Ukichoka kusimama, kaa. Na likikaza tena, usingoje jioni. Nani amekufundisha upuuzi huu?"

Kisiki akageukia ukutani. Hakunitaja. Nikajitaja mwenyewe, na nililia kwa aibu.

Alipumzika wiki mbili, akarudi na cheti cha mkunga, chupa kubwa ya maji na kigoda cha kukalia. Siku ya kwanza aliomba ufunguo mara tano.

"Kwani una bomba humo tumboni?" msimamizi akamtania.

"Nina mtu. Ana kiu."

Wapakiaji wakacheka, na safari hii hawakumcheka yeye. Msimamizi akanuna. Kesho yake akatangaza: ufunguo mara mbili kwa siku, atakayeomba mara ya tatu apitilize nyumbani kwao. Saa tano ilipofika, Kisiki akaomba mara ya tatu. Msimamizi akaupigapiga ule ubao kiunoni. "Ng'o!"

Kisiki hakupayuka. Akaenda kwenye mkoba wake akatoa bisibisi ya kaka yangu, ambaye ni seremala. Kumbe alitoka nayo nyumbani asubuhi! Akaweka kigoda mbele ya mlango wa choo, akakaa kwa raha zake, akafungua skrubu nne za bati lililoshika kufuli. Akaingia, akajisaidia, akanawa mikono. Kisha akalibeba bati na kufuli lake likining'inia, akaliweka mezani kwa msimamizi.

"Kufuli lako hili hapa, bwana. Halijaguswa. Ufunguo wako bado unalifungua."

"Toka! Kazi huna!"

Pasi zikaendelea kufuka mvuke. Mimi nikakumbuka mwaka wangu wa tatu pale, na mimba yangu ya miezi sita iliyoharibikia kwenye sakafu ile ile. Waliniambia ni kazi ya Mungu, nikaitika amina. Sijui, huenda. Lakini Mungu hakuwa na ufunguo kiunoni.

Nikaichukua chupa ya Kisiki. Nikanywa mbele ya yule bwana, gudu gudu gudu, maji yananichuruzika shingoni. Kisha nikaenda chooni mikono mitupu, bila ubao. Nilipotoka, wenzangu wote wanane walikuwa wamepanga foleni, na chupa inazunguka.

"Tufukuze basi," nikamwambia. "Lori la hoteli linakuja saa tisa. Utapiga pasi wewe?"

Akaitazama saa ya ukutani, akarudi mezani kwake. Kazi ya Kisiki ikabaki kuwa ya Kisiki, na mlango ule mpaka leo una matundu manne tu ya skrubu.

Alijifungua miezi ilipotimia, mtoto wa kike, kilo tatu na robo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nikampakata, naye Kisiki akanitazama kutoka kitandani, mchokozi yule, hata uchovu haumzuii.

"Mshike, shangazi mtu. Ila usimfundishe kitu."

Mtoto akaanza kulia.

"Ana kiu," nikasema. "Mpe anywe."