Maombi kwa Ajili ya Nesrini

Bibi Genoveva hakuwahi kuangalia tamthilia peke yake. Ikifika saa yake ya jioni, sebule yake pale Segerea hujaa kama kituo cha kupigia kura: Mama Rogers wa nyumba ya pili na kigoda chake, Bi Rukaiya aliyeswali Magharibi kwa haraka ya kutiliwa shaka, na bakuli la senene, panzi wa kukaanga wa Bukoba, linalopita mkono kwa mkono. Huisema runinga kama wanavyomsema mkwe.

"We mwanamke, mlango huo usifungue!"

Mwanamke wa Kituruki, aliyepachikwa sauti ya binti wa Kinondoni, anafungua.

"Si nilisema mie!"

Mjukuu wake Clara, mwanachuo, alishaipakua tamthilia yote na kuimaliza kwenye simu, earphone masikioni. Aliijadili na kundi la watu ambao hata wakimkanyaga sokoni asingewajua. Sifa yake kubwa ilikuwa kuwatobolea wenzake mwisho: Nesrini, yule mama aliyelazwa mahututi, anakufa. Nusu ya mtaa walishaharibiwa utamu. Bibi na wazee wenzake ndio waliobaki, kwa sababu Bibi ana mwiko na shabaha.

Jumamosi jumuiya ndogo ya kanisa ikasali kwao. Wakati wa maombi Bibi akasimama, kitenge kimenyooka, sauti ya kanisani.

"Tumwombee dada yetu Nesrini, yuko mahututi. Mume kamkimbia. Na yule mama mkwe wake, Mungu amsamehe, maana mie bado."

"Ee Bwana, twakuomba utusikie," wakaitikia.

Clara nusura ameze ulimi. Mwenyekiti, Mzee Projestus, karani mstaafu anayevaa tai hata kwenda kununua mkaa, akakohoa. "Wapendwa, kutembelea wagonjwa ni wajibu wetu. Sasa huyu Nesrini..."

Clara akaiona heshima ya bibi yake inaporomoka. Kicheko cha Segerea hufika Kinyerezi kabla chai haijapoa. Akamkimbilia na kumnong'oneza, "Bibi, tuseme kahamishwa hospitali! Wakijua ni wa kwenye tivii, tumekwisha!"

Hofu haijui kunong'ona. Sebule nzima ikasikia.

"Wa kwenye tivii, ndiyo," akasema Mzee Projestus. "Kwani wewe ulidhani wa wapi? Nilikuwa nasema, huyu Nesrini hatuwezi kumtembelea, basi tumfanyie novena, sala ya siku tisa."

"Mie tangu juzi chakula hakipandi," akasema Mama Rogers.

"Lakini hayupo! Anaigiza tu!"

"Wagonjwa wetu tumewaombea kwanza, wote," akajibu Bibi, mpole kupita kawaida yake. "Tukaona Mungu hawezi kuishiwa. Wewe uliyemwona zaidi yetu, ulishamlilia?"

Clara akaitazama simu yake. Kitanda kile cha hospitali alikipitisha kwa kasi maradufu, huku akichati.

Wakapiga magoti. Mzee Projestus alishuka kwa awamu, akishika kochi, goti lake bovu likilia kama bawaba. Wazee wazima, waliozika wake na waume na watoto, wakamwombea mwanamke aliyetengenezwa kwa mwanga. Kiajabu, hakuna aliyecheka. Mama Rogers alikuwa analia hasa, machozi yakidondokea rozari. Bi Rukaiya, aliyekuja kuchukua bakuli lake, akasimama mlangoni, akavua kandambili, akafungua viganja. Clara alikuwa ameangalia tamthilia ngapi maishani, na hajawahi kuona kitu kama hiki.

Bibi akageuka, bado yuko magotini.

"Mjukuu wangu, nyie mnatangulia kuona. Anapona?"

Vichwa vyote vikageuka. Kwa neno moja angemmaliza Nesrini pale pale, na bibi yake naye.

"Bado sijafika huko, Bibi."

"Basi sogea huku, tuko wachache."

Clara akaiweka simu juu ya kabati, akapiga goti kati ya Bibi na Mama Rogers. Mwisho aliujua vizuri, na bado akaogopa, kweli kabisa, Nesrini asije akafa.