Shakwe Mwenye Jicho Jeupe

Ilianza Jumapili ya likizo ya Desemba, saa kumi jioni, nyuma ya nyumba ya shangazi huko Magadi. Harufu ya magadi ilikuwa imejaa hewani, ile inayowasha mpaka kooni. Nilikuwa darasa la sita, mgeni kutoka Kitengela, mwoga hata wa kuomba maji ya kunywa. Rafiki yangu pekee alikuwa shakwe aliyevunjika bawa, niliyemwokota kando ya ziwa nikamfunika kwa tenga la kuku. Siku hiyo nilitoka kanisani, nikachungulia tengani. Wangu alikuwa na kichwa cha kijivu na jicho jeupe, kama limemwagiwa maziwa. Huyu alikuwa mdogo kidogo, kichwa cheupe chenye doa jeusi kando, na jicho jeusi tititi. Miguu myekundu na mgongo wa kijivu vilifanana kabisa.

“Si huyu,” nilisema.

Naserian, binti ya shangazi, alicheka. “Aki wewe! Watu wa Kitengela mnajua kuku wa gredi tu. Ni yule yule.”

“Na jicho?”

“Jua limemchoma.”

Msichana anayemjua kila ndama wa kwao kwa rangi na alama za masikio, aniambie jua limebadilisha jicho! Nikaanza kumshuku. Usiku alinipa kipande kikubwa cha nyama bila kuombwa, nikamshuku zaidi.

Sasa niko kidato cha tatu, na kitabu cha ndege cha maktaba kimenionyesha kwamba shakwe hao ni wa aina mbili: mmoja mwenyeji wa maziwa yetu, mwingine mgeni anayekimbia baridi ya ng'ambo. Hapa Kitengela shakwe akipita nakaza macho nione jicho lake. Watu pia nawaangalia hivyo, hasa wakiniambia kitu ni kile kile.

Asubuhi iliyofuata niliinua tenga. Ndege akaruka, mabawa mazima, hadi kwenye bomba linalovuja ambako wenzake walikuwa wakinywa.

“Umeona? Wako amepona!” Naserian alipiga makofi.

“Wangu ulimzika wapi?”

Makofi yakaisha. Alinipeleka nyuma ya choo, penye udongo mbichi na jiwe juu yake.

“Paka wa jirani,” alisema. “Huyu nilimshika pale bombani kwa shuka. Nilijua ukijua utataka kwenda kwenu.”

Niliketi chini kando ya Naserian. Nililia kidogo, kisha nikamwomba maji ya kunywa.